Ngao ya IFA ya Calcutta: miguu peku ya 1911, na wale ambao hadithi hiyo imewafunika

Kapela wa Pangani

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kwenye uzi wa dabi ya Kariakoo mdau mmoja aliandika kwamba Wahindi hawana historia ya mpira, wao ni kriketi tu. Sikumjibu pale, maana jibu lake ni refu na lingewaharibia watu mada yao. Nimeona nilifungulie uzi wake.

Nilisoma Kolkata, mji ambao zamani uliitwa Calcutta, miaka mitatu, na nilifika kule nikiwa na fikra hiyohiyo ya yule mdau. Siku ya dabi yangu ya kwanza nilimkuta mwenye nyumba wangu, mzee mpole asiyeinua sauti, amekataa chakula cha mchana. Mkewe akaniambia nisijali, timu yake inacheza jioni. Hapo nikajua nimefika kwetu.

Nitazungumzia kombe moja tu, Ngao ya IFA. IFA ni chama cha mpira cha Bengal, kule mashariki ya India. Jina lake, Indian Football Association, lisiwachanganye: kilianzishwa Calcutta mwaka 1893, na shirikisho la nchi nzima lilikuja baadaye sana, mwaka 1937. Ngao yenyewe ilianza mwaka uleule wa 1893. Naandika kwa vipande, mwenye swali aulize katikati.

Kipande cha kwanza: ngao ya wanajeshi

Mpira wa India ulizaliwa kambini. Kombe la Durand lilianza 1888 kule Shimla, milimani, walikokimbilia wakubwa wa serikali ya Kiingereza wakati wa joto. Kombe la Rovers likafuata Bombay mwaka 1891. Hayo yote yalikuwa ya vikosi vya jeshi kucheza na vikosi vya jeshi. Ngao ya IFA nayo ikaanza hivyohivyo, japo fedha za kuitengeneza zilichangwa pia na watawala wa Kihindi, wakiwemo Maharaja wa Patiala na wa Cooch Behar. Mabingwa wa kwanza, 1893 na 1894, walikuwa Royal Irish Rifles.

Timu ya Wahindi ilikuwa moja tu mwaka ule wa kwanza, Sovabazar. Nyuma yake alikuwa Nagendra Prasad Sarbadhikari, ambaye Wabengali wanamwita baba wa mpira wa India. Mwaka mmoja kabla, 1892, Sovabazar walikuwa wamewafunga kikosi cha East Surrey 2-1 kwenye Kombe la Trades. Kwa hiyo anayesema Wahindi walianza kumfunga Mwingereza 1911 ameruka miaka 19.

KijanaWaMakorora

Mkuu nipo siti ya mbele kabisa. Swali: timu za wazawa zilikatazwa kuingia au zilikuwa dhaifu tu?

Kapela wa Pangani

Swali zuri, mkuu. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha mtu mmoja kupita kwa ubavu. Kwenye Ngao walikaribishwa wachache. Kwenye ligi mambo yalikuwa magumu zaidi. Ligi ya Calcutta ilianza 1898, na klabu za Wahindi zikaruhusiwa kuingia 1914, Mohun Bagan na Aryan, tena daraja la pili. Angalia huo mwaka vizuri. Mohun Bagan walibeba Ngao 1911, na baada ya kuibeba wakakaa nje ya ligi ya mji wao wenyewe miaka mingine mitatu. Hata walipopanda daraja la kwanza, timu za Wahindi ziliwekewa ukomo wa mbili. East Bengal walikuja kupigania hilo miaka ya 1920 mpaka ukomo ukaondolewa. Kila nikilifikiria hili najisikia vibaya kama vile walinifanyia mimi.

Kipande cha pili: tarehe 29 Julai 1911

Mohun Bagan ilianzishwa 15 Agosti 1889, kaskazini mwa Calcutta. Watu hupenda kusimulia kwamba vijana 11 maskini waliamka siku moja wakawafunga wakoloni. Haikuwa hivyo. Klabu ilikuwa na katibu aliyeitwa Sailen Basu, mtu aliyepitia jeshini, na yeye ndiye aliyewalazimisha vijana wale kufanya mazoezi ya pumzi na nguvu kama askari. Mwaka 1905 walibeba Kombe la Gladstone. Halafu wakabeba Kombe la Trades mara tatu mfululizo, 1906, 1907 na 1908. Timu ile ilijengwa miaka sita kabla ya siku yake.

Njia yao 1911 ilikuwa hivi. Waliwafunga St Xavier's 3-0, wakawafunga Rangers 2-1, wakawafunga Rifle Brigade 1-0. Nusu fainali walikutana na kikosi cha Middlesex, sare 1-1, wakarudiana na kushinda 3-0. Fainali ilikuwa na East Yorkshire.

Watu walitoka Patna, Assam, Dhaka, na Burdwan. Kulikuwa na treni maalumu, kulikuwa na meli za mtoni. Makadirio ya watazamaji yanaanzia 60,000 kwenda juu, na uwanja wa Calcutta Football Club pale Maidan haukuwa na jukwaa la kuwabeba hata robo yao. Maidan ni ule uwanda mkubwa wa wazi katikati ya mji. Watu walipanda miti. Waliokuwa nyuma kabisa, wasioona chochote, walipashwa matokeo kwa vishada: likiingia goli, kishada kinapanda angani kikiwa na matokeo. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikatoka nje kutazama anga.

Kipindi cha kwanza hakikuwa na goli. Cha pili, Sajenti Jackson akawafungia East Yorkshire kwa mpira wa adhabu. Nahodha wa Mohun Bagan, Shibdas Bhaduri, akasawazisha. Halafu dakika za lala salama Shibdas akapenya tena, akampasia Abhilash Ghosh, na Abhilash akamaliza kazi. 2-1. Wachezaji 10 kati ya 11 walikuwa peku. Aliyevaa njumu ni beki mmoja tu, Sudhir Chatterjee.

Majina yao kamili nayaandika kwa sababu wanastahili kuandikwa hata kwa Kiswahili: Hiralal Mukherjee golini, Bhuti Sukul, Sudhir Chatterjee, Manmohan Mukherjee, Rajen Sengupta, Nilmadhab Bhattacharya, Kanu Roy, Habul Sarkar, Abhilash Ghosh, Bijoydas Bhaduri na mdogo wake Shibdas. Kule wanaitwa Wale Kumi na Mmoja Wasiokufa, na kila 29 Julai klabu inaadhimisha siku yao.

MwalimuMstaafu

Kijana, nimesoma kwa makini. Nilifundisha historia miaka 31. Nimewahi kuona imeandikwa kwamba ushindi huo ndio uliowafanya Waingereza kuhamisha makao makuu kutoka Calcutta kwenda Delhi, maana tangazo lilitoka Desemba mwaka huohuo. Unasemaje?

Kapela wa Pangani

Shikamoo mwalimu. Nashukuru umefika.

Tarehe zinafuatana kweli, tangazo lilitolewa 12 Desemba 1911 Delhi mbele ya Mfalme George wa Tano. Lakini mimi siamini kwamba goli la Abhilash lilihamisha serikali. Bengal ilikuwa inawaka tangu 1905, Curzon, mtawala mkuu wa Kiingereza kule India, alipoligawa jimbo vipande viwili. Watu waligomea nguo za Kiingereza, vijana wakaingia kwenye mabomu na bastola, Khudiram Bose akanyongwa 1908 akiwa na miaka 18. Hayo ndiyo yaliyowachosha wakubwa, na siku ileile ya tangazo la Delhi walifuta pia ule mgawanyo wa Bengal. Mechi iliangukia katikati ya moto huo. Ndiyo maana watu wa dini zote na vyama vyote waliishangilia kama ya kwao. Kuiambatanisha na kuhama kwa makao makuu ni kuipa sifa isiyoihitaji.

MwalimuMstaafu

Marahaba. Hapo tumeelewana. Endelea.

Nahodha76

Mimi nauliza hili la kucheza peku. Babu yangu alikuwa akituambia mpira wa peku una mguso mzuri kuliko wa kiatu. Inawezekana ndiyo siri yao?

Kapela wa Pangani

Mkuu Nahodha, babu yako alisema kweli kwa uwanja mkavu. Nje ya hapo, peku iliwatesa sana, na hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote.

Kipande cha tatu: matope

Msimu wa mpira Calcutta ulikuwa unaangukia masika yao, Juni mpaka Agosti. Mvua ya kule si ya mchezo, Maidan inageuka kama jaruba la mpunga. Mchezaji peku kwenye utelezi ule hawezi kusimama, hawezi kugeuka, na anayekabana naye amevaa njumu zenye meno. Mwaka 1923 Mohun Bagan walifika tena fainali ya Ngao. Walikuwa na Gostha Pal, beki aliyepachikwa jina la Ukuta wa China, sanamu yake ipo Maidan mpaka leo. Mvua ikanyesha. Calcutta Football Club wakawapiga 3-0.

Sasa hapa ndipo wanapoingia watu waliofunikwa na 1911. Klabu ya Mohammedan Sporting, ya Waislamu wa Calcutta, iliyoanzishwa 1891, miaka ya 1930 ilifanya mambo mawili ambayo wenzao hawakuyafanya. Kwanza, uwanja ukiloa waliwavalisha wachezaji wao njumu. Pili, waliacha kutegemea watoto wa mtaani kwao, wakatafuta wachezaji India nzima, hasa Bangalore. Wakabeba Ligi ya Calcutta mara tano mfululizo, 1934 mpaka 1938, kitu ambacho hakuna klabu ya Wahindi iliyokuwa imekifanya hata mara moja. Na mwaka 1936 wakabeba Ngao ya IFA.

Hesabuni nami. Kutoka Julai 1911 mpaka 1936 ni miaka 25. Miaka 25 yote hiyo hakuna timu nyingine ya Wahindi iliyoigusa Ngao. Aliyefungua mlango mara ya pili ni Mohammedan, na wakaibeba tena 1941 na 1942. Mwaka 1940 walikwenda Delhi wakawa timu ya kwanza ya Wahindi kubeba Durand, wakiwafunga wanajeshi wa Royal Warwickshire 2-1. Lakini kaingie duka lolote la vitabu Kolkata, ukute rafu nzima ya 1911 na labda kijitabu kimoja cha 1936. Mimi hili linaniuma. Timu iliyoonyesha kwamba Mwingereza anaweza kufungwa kila mwaka, mvua au jua, ina haki ileile ya kukumbukwa na ile iliyoonyesha kwamba anaweza kufungwa.

Na mmoja wa vijana wao, Mohammed Salim, mwaka huohuo wa 1936 alikwenda Glasgow akaichezea Celtic mechi mbili, peku, miguu imefungwa bandeji. Waskoti walitaka abaki. Akarudi nyumbani.

DadaWaUpanga

Kaka Kapela, hongera kwa uzi. Hii ya Celtic sikuwahi kuisikia maishani mwangu. Ila hujasema East Bengal wanatokea wapi, maana dabi yenyewe ni ya hao na Mohun Bagan.

Kapela wa Pangani

Dada, nakuja hapohapo.

Kipande cha nne: kamba na hilsa

Tarehe 28 Julai 1920 klabu iitwayo Jorabagan ilikuwa inacheza na Mohun Bagan, ikamwacha nje mchezaji wake Sailesh Bose bila sababu ya maana. Makamu wa rais wa klabu, Suresh Chandra Chaudhuri, alikuwa anatokea mashariki ya Bengal kama huyo kijana. Akakasirika, akajitoa. Siku chache baadaye, 1 Agosti, East Bengal ikazaliwa. Ndiyo timu ya watu wa mashariki, wanaoitwa Bangal, na Mohun Bagan ikawa ya wenyeji wa magharibi, Ghoti.

Kinachonigusa ni kwamba wengi kati ya wale 11 wa 1911 asili yao ilikuwa mashariki. Ndugu wawili wa Bhaduri wametoka Faridpur, ambayo leo ni Bangladesh. Wakati ule swali hilo halikuwepo.

East Bengal walibeba Ngao mara ya kwanza 1943. Mwaka 1946 haikuchezwa, Calcutta ilikuwa inachinjana, Wahindu na Waislamu. Mwaka 1947 nchi ikagawanywa, Bengal ikakatwa vipande viwili, na familia kwa maelfu kwa maelfu zikavuka kutoka mashariki zikiwa na mabunda kichwani. Mwaka huohuo Mohun Bagan wakaichukua Ngao kwa kuwafunga East Bengal 1-0. Ilikuwa ya pili kwao, baada ya miaka 36.

Sasa mfikirie mkimbizi aliyepoteza nyumba, shamba na kisima. Kilichobaki chenye jina la kwao ni timu ya mpira. Ndiyo sababu East Bengal wakawa wakubwa vile. Wakabeba Ngao 1949, 1950 na 1951 mfululizo, na safu yao ya mbele ya watu watano, Venkatesh, Apparao, Dhanraj, Ahmed Khan na Saleh, wakaiita Pandava Watano, wale ndugu watano wa utenzi wa Mahabharata. Hakuna hata mmoja kati ya watano hao aliyekuwa Mbengali.

Na samaki: East Bengal wakishinda, nyumba zao zinapika hilsa, samaki wa mito ya mashariki. Mohun Bagan wakishinda wanapika kamba wakubwa. Yule mwenye nyumba wangu alikuwa Bangal. Jioni ile timu yake ilishinda, na mimi mgeni nikaitwa mezani nikapewa kipande cha tumboni, chenye mafuta, kile anachopewa mkwe. Hilsa ana miiba kuliko samaki yeyote niliyewahi kula, na mzee alikaa akinitolea miiba kwa vidole vyake.

KijanaWaMakorora

Hapo kwenye miiba umenimaliza mkuu.

Nahodha76

Endelea, tuambie mechi kubwa ya hao wawili. Lazima kuna yao ya tano bila kama sisi tulivyo nazo zetu.

Kapela wa Pangani

Kipande cha tano: 30 Septemba 1975

Umelenga mkuu, ni tano kweli. Fainali ya Ngao, East Bengal 5, Mohun Bagan 0. Kocha wa East Bengal alikuwa PK Banerjee, na timu yake ndiyo kwanza imemaliza kubeba ligi mara sita mfululizo. Shyam Thapa alifunga mawili, mengine wakafunga Surajit Sengupta, Ranjit Mukherjee na Subhankar Sanyal. Golikipa wa Mohun Bagan, Bhaskar Ganguly, alikuwa kijana tu. Baada ya goli la nne akatolewa.

Usiku ule mshabiki mmoja wa Mohun Bagan alijiua. Jina lake linajulikana kule, silitaji hapa. Aliacha barua kwamba anataka azaliwe tena awe mchezaji mzuri, alipe kisasi cha zile tano. Wazee wa pande zote mbili wakifika kwenye habari hii hunyamaza kwanza kabla ya kuendelea, na mimi nimejifunza kunyamaza nao.

Yule Bhaskar Ganguly hakupotea. Alihamia East Bengal, akawa golikipa wa taifa, na 1982 alikuwa nahodha wa India kwenye Michezo ya Asia iliyofanyika Delhi. Na Shyam Thapa? Alihamia Mohun Bagan. Septemba 1977 Pelé alikuja na timu yake ya New York, Cosmos, wakacheza na Mohun Bagan pale Eden Gardens, 2-2. Siku chache baadaye ikaja fainali ya Ngao na East Bengal, ikaisha 1-0, mfungaji Shyam Thapa yuleyule.

Kipande cha sita: wageni, kisha kimya

Hapa napita haraka. Miaka ya 1970 na 1980 Ngao ilikuwa inaalika klabu za nje. Mwaka 1970 East Bengal waliwafunga PAS ya Tehran 1-0 kwenye fainali, goli la Parimal Dey. Mwaka 1973 wakawafunga timu ya Pyongyang 3-1. Mwaka 1978 Mohun Bagan na Ararat ya Yerevan walitoka 2-2 wakagawana ubingwa. Peñarol ya Uruguay wameibeba, 1985. Hata timu ya akiba ya Bayern Munich imeibeba, 2005.

Baada ya hapo kalenda ikaikaba. Ligi mpya za kitaifa zilitaka tarehe zake, wadhamini wakaenda huko, na 2015 Ngao ikageuzwa kuwa mashindano ya vijana chini ya miaka 19. Ngao iliyowahi kuwapandisha watu juu ya miti ikawa inachezwa asubuhi mbele ya wazazi. Ilirudishwa kwa wakubwa Desemba 2020, na aliyeibeba ni Real Kashmir ya Srinagar, klabu iliyozaliwa 2016 tu, kwa kuwafunga George Telegraph 2-1. Mwaka uliofuata wakaibeba tena. East Bengal ndio wanaoongoza kwa mataji, wanayo 29.

DadaWaUpanga

Na huku kwetu kuna yeyote aliyewahi kugusa mpira wa kule?

Kapela wa Pangani

Yupo, dada, na wana Yanga wote wanamjua. Khalid Aucho, yule kiungo Mganda aliyetua Jangwani 2021, alipitia East Bengal mwaka 2018. Jezi nyekundu na njano.

MwalimuMstaafu

Kapela, na mzee mwenye nyumba wako yu hai bado?

Kapela wa Pangani

Yu hai mwalimu, anakwenda miaka 84. Oktoba 2025 fainali ya Ngao ilikuwa tena Mohun Bagan na East Bengal, uwanja wa Salt Lake. Iliisha 1-1, Mohun Bagan wakashinda kwa penalti 5-4. Walikuwa hawajaibeba kwa miaka 22. Nilimpigia simu usiku uleule kumpa pole. Mkewe ndiye aliyepokea. Akaniambia mzee amelala bila kula, na kwamba jirani yao, mtu wa Mohun Bagan, ametuma bakuli la kamba, lipo mezani limefunikwa.